Mwalimu Breki na Tarumbeta Lake

Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote, na alilisema bila kupandisha sauti. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na ya kwake ndiyo iliyokuwa ikiisha haraka. Kuna mwanafunzi aliyewahi kumwingiza ndani ya duka la magodoro. Breki alifungua mkanda, akamsalimu mwenye duka, akampa pole, kisha akamgeukia mwanafunzi: "Haya. Leo tutajifunza kurudi nyuma."

Watu walisema yule baba hajui woga. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, akisikia maneno hayo aliendelea kushona, pini zimejipanga mdomoni. Yeye ndiye aliyejua.

Breki alikuwa anapiga tarumbeta. Alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa kwenye bendi ya polisi, na mjomba alipofariki, tarumbeta likabaki kwake. Alilipiga vizuri, hilo halina ubishi, ingawa mashahidi walikuwa wachache: mkewe, binti yao kabla hajaolewa, na majirani wa pande mbili za ukuta. Mtu mwingine yeyote akitia mguu chumbani, mdomo wa Breki ulikauka ukawa karatasi. Gita ungeweza kulipiga umekufa nusu. Tarumbeta linataka pumzi na linataka mate, na Breki mbele za watu hakuwa na kimojawapo.

Hili lilidhihirika siku shemeji yake, kaka wa mkewe, alipostaafu ualimu. Familia ilikodi ukumbi mdogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Shemeji alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema, "Shemeji, nipigie hata kawimbo kamoja tu. Usininyime." Mtu unaweza kumnyima daktari damu, lakini shemeji aliyekuja mwenyewe utamnyima vipi? Breki akakubali. Akafanya mazoezi mpaka jirani wa kulia akaanza kuupiga wimbo ule kwa mluzi bila kupenda.

Siku ikafika. Mshereheshaji akamwita. Breki akasimama, akatembea hadi kwenye kipaza sauti, akaweka tarumbeta mdomoni, akapuliza. Ikatoka sauti ya tairi linalopungua upepo polepole, nayo haikufika hata meza ya kwanza. Akapuliza tena. Safari hii hata tairi halikusikika. Akainamisha kichwa, si kwa sababu yoyote ya maana, ila alikuwa anaitafuta midomo yake. Akabaki hivyo, ameganda, tarumbeta mkononi.

Kwenye meza ya mbele alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mkuu wa zamani. Alimtazama mtu huyu aliyesimama kimya na tarumbeta, kichwa kimeinama, akaelewa kadiri alivyoelewa. Akasimama. Akavua kofia. Meza yake nayo ikasimama, halafu ya pili, na mwisho ukumbi mzima ukawa wima, hata wapishi mlangoni na masufuria yao. Mshereheshaji akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini, "Tuwakumbuke walimu wetu waliotangulia mbele ya haki."

Wengine walianza kulia. Shemeji alilia zaidi ya wote. Breki alipoinua kichwa hatimaye, ukumbi ukasema "Amina" na kuketi. Watu wengi walikuja kumpa mkono.

Gari lilipotoka getini, mkewe akamgeukia.

"Umewaliza watu wazima bila kutoa hata sauti moja," akasema.

"Usimwambie kaka yako."

"Kaka anasema hajawahi kupewa heshima kama ile tangu azaliwe."

Baada ya hapo Breki alilihamisha tarumbeta kutoka sebuleni, akaliweka kwenye buti la gari. Mkewe alidhani ameacha. Hakuacha. Palikuwa na uwanja wa mazoezi nyuma ya ghala kuukuu, mahali wanafunzi walipojifunzia kuegesha kati ya madebe. Akimaliza na mwanafunzi mmoja, kabla hajaja mwingine, alipandisha vioo vyote na kupiga tarumbeta humo humo ndani ya gari. Gari lilikuwa likitikisika kidogo. Wapita njia walifikiri mambo mengine, wakaharakisha.

Hapo ndipo alipokutwa na mwanafunzi wake mmoja, mkunga.

Huyu mkunga alikuwa mama mstaafu, mjane, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na watu walio kwenye maumivu. Mwanawe alihamia mbali akamwachia gari dogo la kijani, limefunikwa turubai uani. Alichoka kulitazama. "Gari lisiloendeshwa," alimwambia Breki siku ya kwanza, "ni banda la kuku lenye redio. Nifundishe." Hakuwa na woga wa kitu chochote barabarani isipokuwa ule mzunguko mkubwa wa mbele ya benki, ambako njia tano zilikutana na hakuna aliyempisha mwenzake. Akiufikia, alifumba macho.

"Mama, fumbua macho."

"Nikifumbua nawaona."

Breki alikanyaga breki yake, akamwacha apumue, wakarudi walikotoka. Mambo yakawa hivyo kwa muda mrefu.

Siku moja mkunga aliwahi. Alilikuta gari uwanjani limefungwa vioo, linatoa wimbo. Akasimama akasikiliza mpaka ukaisha, kisha akagonga kioo. Breki alilisukumia tarumbeta chini ya kiti.

"Ni redio," akasema.

"Redio imekuachia alama mdomoni, mwalimu."

Kweli duara jekundu lilikuwa katikati ya midomo yake. Breki akaona hakuna pa kukimbilia, akamweleza yote: mate yanavyokauka, ukumbi wa shemeji, mzee aliyevua kofia. Hakuwahi kumsimulia mtu. Mkunga hakucheka, na hilo lilimtia Breki wasiwasi, maana hata yeye mwenyewe alijua kisa hicho kinachekesha.

"Kwa hiyo ulitetemeka," mkunga akasema.

"Sana, mama."

"Ndiyo basi? Mwanangu, mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Hajazaa mtu asiyetetemeka. Sijawahi kumwambia hata mmoja aache kwanza kutetemeka ndipo tuanze. Tungekuwa tunasubiri mpaka leo." Akaingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mkanda. "Na ile methali ya mficha uchi hazai, nyinyi mnaisikia tu. Mimi nimeifanyia kazi."

Wakapatana palepale. Kila somo mkunga atauzunguka mzunguko wa benki macho wazi, na wakirudi uwanjani, Breki atampigia wimbo mmoja, nje ya gari, hadharani. Mkunga aliuzunguka siku hiyo hiyo huku akiyataja kwa sauti majina ya watakatifu na sehemu kadhaa za mwili. Alipotoka upande wa pili aliegesha kando, akashusha pumzi, akasema, "Zamu yako."

Mara ya kwanza Breki alipiga ameugeukia ukuta wa ghala. Mkunga aliketi juu ya debe akasikiliza. Mara nyingine aligeuka ubavu. Ilichukua majuma kadhaa kabla hajamtazama usoni. Basi mkunga akaanza kuongeza watu, kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza chumvi. Alimleta dada yake, ambaye alikuwa akifuma sweta na hakuinua macho. Kisha majirani wawili. Kisha wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu zao wakazoea kukaa kwenye madebe wakisikiliza, na wengine wakaanza kuwahi kusudi.

Isidhaniwe kuwa mambo yalikuwa mepesi. Kila hadhira ilipoongezeka, Breki alizunguka kwanza upande wa pili wa ghala akatapika. Alitapika kwa adabu, akarudi akijifuta kwa leso. Mkunga alikuwa akimngoja na chupa ya maji na kipande cha limau. "Lilambe," alimwambia, "mate yatakuja yenyewe." Hakuonekana kushangaa. Alikuwa ameona makubwa zaidi.

Mkunga alifaulu mtihani wa udereva mara ya pili. Mara ya kwanza mtahini aliomba kushuka.

Haukupita muda, akaja nyumbani kwa Breki akiendesha mwenyewe. Alikuwa mwimbaji katika kwaya ya wastaafu, na kwaya hiyo ilikuwa na onyesho kwenye ukumbi mkubwa wa mji. Mpiga tarumbeta wao, fundi bomba wa zamani, alikuwa ameng'olewa meno ya mbele, na bila meno ya mbele tarumbeta halipigiki.

"Sitaweza," Breki akasema.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu, akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Ataweza," akasema. Kisha akazirudisha pini mdomoni na kuendelea kushona, na maongezi yakawa yamefungwa.

Siku ya onyesho Breki alivaa suti aliyoshonewa na mkewe. Nyuma ya jukwaa alichungulia kwenye pazia. Watu walijaa viti vyote, wengine wameketi kwenye ngazi. Akarudisha pazia taratibu. Akamwambia bibi mmoja wa kwaya kwamba anakwenda kunawa mikono. Akapita mlango wa pembeni, na alipofika nje ikawa mguu niponye mpaka kwenye gari. Akaingia, akafunga mkanda, akawasha moto, akatazama kioo cha kulia, cha kushoto, na cha katikati, kama alivyowafundisha watu maisha yake yote.

Kwenye kioo cha katikati akaona kijani. Gari la mkunga lilikuwa limeegeshwa kwa kukingama nyuma yake, tairi moja limepanda kwenye bustani ya maua. Mbele yake ulikuwa ukuta. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa mkunga, na mkunga alikuwa jukwaani tayari, kwenye mstari wa mbele, akisafisha koo. Breki alipima kwa macho kama mtaalamu. Hata baiskeli isingepita.

Akazima moto. Hakuwahi, katika kazi yake yote, kuona uegeshaji mbaya kama ule. Kisha akatapika kando ya ukuta, akalamba limau lililokuwa mfukoni, akarudi ndani.

Kwaya iliimba nyimbo mbili. Wimbo wa tatu ulianza kwa tarumbeta peke yake. Breki akapiga hatua mbele. Suruali ilikuwa ikimpepea magotini ingawa ukumbini hamkuwa na upepo. Akamwona mkewe safu ya mbele, mikono imeshikana mapajani, pini hana. Akapuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, kicheko kifupi, kikaishia kwenye kikohozi. Breki alikisikia vizuri. Hicho ndicho alichokiogopa tangu utotoni, na sasa kilikuwa kimeshafika, na kilikuwa ni mtu mmoja mwenye mafua. Yeye alikuwa bado amesimama. Akakusanya pumzi na kupuliza tena, akitetemeka vile vile.

Safari hii tarumbeta likaitika. Wimbo ulitoka safi, ukapanda juu ya vichwa vya watu, na wale waliokuwa kwenye ngazi wakaacha kupepea karatasi zao. Kwaya ikaingia mahali pake. Alikosea mara moja katikati, akarukia mbele, wazee wakamfuata bila kinyongo. Mkunga aliimba macho wazi, akimtazama shingo.

Tatizo lilikuja mwishoni. Sauti ya mwisho Breki aliishika na hakuiachia. Mwongoza kwaya alishusha mikono; Breki akaendelea. Kwaya ikafunga vinywa, Breki akaendelea. Alikuwa hajui kitakachotokea akinyamaza, na aliona afadhali asijue. Mwongoza kwaya alikaribia, akamnong'oneza jina lake la utani, naye akasimama papo hapo.

Watu walipiga makofi mpaka fundi mitambo akapunguza sauti. Breki aliinama, akamwinamia mwongoza kwaya, akaliinamia pazia, mpaka mkunga alipomvuta koti.

Uani alimuuliza mkunga habari za lile gari.

"Nilikuwa na haraka," mkunga akasema.

"Mama, uwanja mzima ulikuwa wazi."

"Basi hukunifundisha vizuri," akajibu, akafungua mlango wake.

Walipofika nyumbani mkewe aliwasha taa. Alimvua koti, akaligeuza, akaona jasho limepita kwenye bitana lote. "Hili litafuliwa," akasema, na baadaye Breki akamsikia jikoni akiuimba ule wimbo.

Mvua zilipokwisha, fundi bomba akarudi kwenye mazoezi ya kwaya na meno mapya, meupe kupita kiasi, na tarumbeta lake kwapani. Wote wakamgeukia Breki. Hakuna ambaye angemlaumu akiondoka. Mlango ulikuwa wazi, tena kwa heshima zote. Breki alisimama, akampisha fundi bomba kwenye kiti chake cha zamani. Akatazama huku na huku chumbani.

"Kiti kingine kipo?" akauliza.

Sauti ilimtetemeka kidogo. Kiti kililetwa.