Barua Ndani ya Droo

Kitabu chenyewe kilinuka dagaa. Kilivuka ziwa ndani ya gunia la dagaa wakavu, kikashukia Kagunga, na harufu ile haikukitoka hata baada ya kuanikwa juani miezi. Kilikuwa riwaya ya Kifaransa ya zamani, nene, kurasa mia nane na ushee, jalada la mbele halipo. Mwenye nacho alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Burundi, mama wa makamo, ambaye baba yangu alimpa chumba cha uani kwetu Ujiji, miaka ile boti zilipokuwa zikishusha watu kila kukicha. Mumewe alibaki ng'ambo, na hakuna aliyemuuliza amebaki vipi.

Alikuja na kanga mbili, sufuria na kitabu hicho. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina mdomo tu. Siku niliyomkuta anajisomea kwa sauti nilimwamkia shikamoo, kisha nikamuuliza kwa kejeli kama anavuta uradi. Akacheka, akanisogezea mkeka.

Nilimwambia tukisome chote, ila kwa desturi ya chuoni kwetu. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwake kitabu hakisomwi mbio. Mwanafunzi anasoma neno, mwalimu anafasiri, mwanafunzi anarudia, kisha kijiti cha ukuti kinawekwa pale mlipofika mpaka kesho. Hakuna kuruka, hakuna kuchungulia mbele. Siku ya kukhitimu panapikwa pilau.

"Kwa mwendo huo tutazeeka hatujafika katikati," alisema.

"Una safari, Mama?"

Alifungua ukurasa wa kwanza.

Tulisoma kila siku baada ya alasiri, nusu ukurasa, siku ya heri ukurasa mzima. Mwandishi yule hakuwa na haraka hata chembe. Sentensi moja ilituchukua siku tatu, na tulipofika mwisho wake nilikuwa nimesahau nani alianza kufanya nini. Kuna mvua ilinyesha kurasa arobaini. Masika yetu yakaisha, ya kwao yakaendelea. Nilimtukana mwandishi kwa Kiha, mwalimu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Lakini nilinogewa. Nililala na kuamka na yule mjane wa kwenye riwaya, mwenye kinu cha kusagia ngano kando ya mto, aliyeletewa barua akaitia kwenye droo ya meza bila kuifungua. Kurasa mia na zaidi zikapita, barua imo humo humo. Anapika, anagombana na mashemeji, anafagia unga, droo haigusi.

"Fungua, mwanamke wewe!" nilikuwa nikimfokea.

Mwalimu alijua barua inasema nini, maana kitabu alishakisoma mara nne. Akiniuliza, "Nikwambie?" mimi naziba masikio.

Tulikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na moja mjumbe wa mtaa alipoleta tangazo: wakimbizi wote wanaokaa mjini wahamie kambini, lori litapita keshokutwa asubuhi. Baba alikwenda ofisini kumwombea mwalimu abaki, akarudi. Akaenda tena na wazee wawili wa msikitini, akarudi. Alikaa barazani hata kofia hakuvua.

Alasiri ya mwisho mwalimu alikuwa ameshafunga mzigo. Tulisoma nusu ukurasa kama kawaida, kwa kuwa sikujua kufanya kitu kingine. Kisha akanishika mkono.

"Mwana wanje, mwanangu, leo niache nikwambie ile barua inasema nini."

"Hapana, Mama."

"Ni maneno machache."

"Tutayafikia."

Kwetu, mwalimu akisafiri kitabu kikiwa katikati, mwanafunzi ndiye anayebaki nacho, na kijiti pale pale. Darasa lisilofungwa humrudisha mwalimu. Ndivyo baba alivyotufundisha, na walimu wake wote, kwa alivyosimulia, walirudi. Basi nikakikumbatia kitabu, nikamwambia nitakaa nacho mimi ili arudi.

Alikitazama. "Nilidhani nitakwenda nacho," alisema taratibu.

Nikamweleza desturi yetu, kwa furaha kabisa, kama mtu anayempa mwenzake dawa. Alikuwa amekaa kwetu mwaka mzima, amekula chakula chetu, angenikatalia vipi? "Ego, haya," alisema. "Kaa nacho."

Lori lilipoondoka nilikuwa natabasamu. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Nilikuwa nafagia chumba chake, kitupu, hata misumari ya ukutani haina kitu, ndipo nikajua nimemnyang'anya. Ukiacha kanga na sufuria, vyote aliviacha ng'ambo isipokuwa hicho kimoja, nami nikakichukua kwa kumpenda. Nilipanda lori la mahindi mpaka kambini, kitabu kifuani. Langoni nikaambiwa sina kibali. Nikaomba wampelekee tu. Askari alikifungua, akasema hapokei maandishi asiyoyajua. Nililia pale mbele ya watu, na kilio hakikusaidia kitu. Nilirudi na kibali baada ya mwezi, nikakuta sehemu ile ya kambi imeshahamishwa, na hakuna aliyejua namtafuta mwalimu gani. "Walimu ni wengi," waliniambia.

Baba ameshafariki. Kifaransa nilikuja kukijua, kwa kamusi na kwa Wakongo wa sokoni Kigoma, na leo nasoma ukurasa mzima bila msaada wa mtu. Barua ile sijaifikia. Kijiti kiko mia mbili na kumi na moja. Najua hatarudi, nimeshapiga hesabu ya umri wake. Lakini kila nikitaka kuendelea namsikia akisema ni maneno machache, na mkono wake juu ya wangu. Siku ile nilidhani anataka kunipa mwisho wa hadithi. Sasa naamini maneno yale yalikuwa pia yake na ya mumewe aliyebaki ng'ambo, na alitaka kuyasema yeye, kwa mdomo wake, mbele ya mtu, na mtu aliyekuwa naye nilikuwa mimi peke yangu.