Mwezi Nilioupamba Kwenye Bahasha ya Dawa

Simu yangu ina tabia ya kujibadilisha yenyewe. Naamka asubuhi nakuta ile picha ya kamera, ambayo macho yalikuwa yameshaizoea, imegeuka duara lenye rangi nne zinazoingiliana. Ya kalenda imepunguzwa mpaka imebaki tarakimu. Ya ujumbe sijui hata niieleze vipi. Ni nzuri, sikatai. Lakini nakaa nayo mkononi nikijiuliza: huyu aliyezichora, alimwonyesha nani kabla ya kuzileta kwangu? Mwanangu hunicheka. "Mama, bonyeza tu, utajua." Simwambii kwamba nawafahamu watu waliobonyeza kwanza wakajua baadaye, na kwamba mchoraji siku hiyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Kibiti yalipoanza kujaa vitu baada ya kukaa matupu muda mrefu. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na kila sabuni na kila pakiti ya majani ilikuja na sura yake. Wateja hawakuuliza jina la kitu. Walisema nipe ya jogoo, nipe ya ua, nipe ile ya mama mwenye kilemba, na muuzaji alijua. Nilipenda kusimama pale dukani nikitazama hayo makaratasi kuliko kununua. Mimi ni wa Mtawanya, kwenye mihogo na mikorosho, na nilikuwa nimetoka mafunzo ya uuguzi nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja huko delta, ambako ukitaka kwenda kwa jirani unatafuta kwanza kasia. Kabla ya kuondoka nilinunua pakiti ya kalamu za rangi. Sikuwa na sababu yoyote ila kwamba zilikuwepo, na shule nzima nilichorea kipande cha penseli.

Zahanatini tulikuwa wawili. Tabibu, ambaye kila mtu alimwita dokta, alikuwa mtu mkavu, mwenye maneno machache na mwandiko mbaya. Mimi nilipima, nilifunga vidonda, niligawa dawa. Bahasha za dawa zilizochapishwa zilikuwa zimekwisha, na za kuletwa hazikuletwa. Basi tukakata karatasi za madaftari, tukagandisha kwa uji wa muhogo. Wagonjwa wengi hawakusoma, hivyo dokta alichora vijistari: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nilipoviona vile vijistari niliona haya kwa niaba yake.

Nikaleta kalamu zangu. Asubuhi nikachora jua la manjano lenye miale mirefu. Usiku nikachora mwezi mwembamba wa buluu, umesimama wima kama nilivyouona vitabuni, na pembeni yake nyota tatu nyekundu, kwa sababu mwezi peke yake ulionekana mpweke. Nilikaa mchana kutwa nikichora bahasha za wiki nzima. Dokta alizishika moja moja.

"Nesi, unagawa dawa au unatengeneza kalenda?"

Nilinuna. Moyoni nilisema huyu mzee hajui uzuri. Lakini hakunikataza, na mimi nikachukulia kwamba nimeshinda.

Kati ya watu waliopata bahasha zangu za kwanza alikuwa dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenye kifafa. Alikuwa mlimaji hodari wa mpunga, na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mkondo. Msimu uliopita alianguka akiwa kwenye mtumbwi, mumewe akamdaka kanga ikiwa imeshaloa. Tangu siku hiyo mume akamkataza kupanda chombo chochote. Huko, kumkataza mtu mtumbwi ni kumfungia nyumbani. Shamba lilikuwa limeshaombwa na wifi yake, na mume alikuwa anasitasita kulitoa. Dokta akaweka sharti: akikaa miezi mitatu mfululizo bila kuanguka, arudishiwe kasia. Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja tu kila usiku. Nikampa thelathini kwenye bahasha yenye mwezi wangu mzuri, nikamweleza haraka haraka maana foleni ilikuwa ndefu. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Nami niliiamini picha kuliko maelezo yangu.

Baada ya wiki tatu wakarudi, mume akimshika bega. Alikuwa ameanguka mekoni na mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Wakati namfunga kidonda nilimuuliza kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe.

"Dada, dawa ulikunywa?"

"Nilikunywa, nesi. Vile vile ulivyonichorea."

Akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha. Nikavimimina vidonge mezani, vikawa kumi na vinane. Sikuelewa. Ama angekuwa amebakiwa na vingi zaidi ya hapo kwa kupuuza, ama tisa tu kwa utii. Kumi na viwili vimekwenda wapi?

"Mwezi ulipoandama nikameza vitatu," alisema, akinionyesha zile nyota kwa kidole. "Kesho yake vitatu, na kesho yake. Siku nne. Nikawa nalala tu, wali siutaki, maneno yananitoka nusu nusu. Mwezi ukanenepa, nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Mwezi wako mwembamba." Akaitazama bahasha tena, kwa adabu, kama mtu anayetafuta namna ya kunisitiri. "Halafu wako umesimama. Siye huku mwezi mchanga unalala chali. Nikasema labda wa kwenu bara ndiyo unasimama."

Mume hakunilaumu. Alisema tu, "Nesi, siye tumefuata picha."

Nilitamani anitukane. Nilijiona mpumbavu na mwenye makosa, na vyote viwili vilikuwa kweli. Mwezi mwandamo kwa watu wale ulikuwa jambo zito: ndio unaofungua mfungo na kuufunga, ndio unaowaambia bamvua, yale maji makuu, inakuja. Mimi niliuchukua kitabuni nikauweka kama pambo la usiku, wakati usiku mwingi hauna mwezi kabisa, na mwezi mwingine huonekana mchana. Ilinibidi nianze kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya kufungua kalamu.

Kesho yake nilikwenda na zile bahasha kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Nilianza na jua, ambalo nilikuwa na uhakika nalo.

"Hii nini, mama?"

"Kaa," alisema wa kwanza, bila kufikiri.

Nikageuza bahasha. Kweli, duara na miguu pande zote. Wa pili akasema kaa, wa tatu akasema kaa, na bibi mmoja akaongeza kwamba mjukuu wake alipewa bahasha ile ya homa, na nyumba nzima wameacha kula kaa tangu siku hiyo, kwa sababu waliona ni mwiko wa dawa. Mganga wa kienyeji akikupa dawa hukutajia mwiko: usile hiki, usipite pale. Zahanati nayo, waliona, imekubali ustaarabu. Na kaa ndiye aliyekuwa kitoweo chao.

"Na dawa mlimpa lini?"

"Tulipokumbuka."

Nilicheka mpaka machozi, na wao wakacheka, ingawa bibi alitaka kujua kama basi leo anaweza kupika. Lakini baada ya kicheko sikuweza kutulia. Nikawa mtu wa kuuliza kila mahali, mpaka dokta akaniambia napoteza muda wa vidonda. Niliuliza: usiku unaujuaje? Mmoja alisema kuku wakiingia bandani. Mwingine alisema mbu. Mzee aliyekuja kupimwa macho alisema isha, na mkewe akamwambia mbona isha yenyewe humpita usingizini. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwezi. Nilishangaa jinsi usiku mmoja ulivyokuwa na milango mingi, na mimi nilichora ukuta.

Ndipo nikaenda kwa yule dada mwenyewe. Nilimkuta nyumbani akipepeta mchele kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado na bandeji. Nikakaa chini na karatasi.

"Dada, kitu gani unakishika kila siku jua likizama? Hata ukiwa mgonjwa, hata ukiwa shambani kwenye dungu unalinda mpunga?"

Alifikiri sana. Taa akaikataa, mafuta mara yapo mara hayapo. Mwishowe akasema, "Mkeka. Sijapata kulala bila kutandika mkeka."

Nikafurahi kupita kiasi. Nikachora mkeka wa ukindu, na kwa kuwa nilizaliwa na ugonjwa wangu wa mapambo, nikautia mistari ya zambarau na kijani, nikausuka msuko kwa msuko mpaka kona. Akautazama.

"Huo wa wageni," alisema. "Huo nikitandika basi amekuja mkwe. Punguza."

Nikapunguza. Akasema punguza tena. Nikatoa rangi zote nikabaki na kalamu nyeusi. "Wangu umechakaa hapa," akasema, na akachukua kalamu mwenyewe, akakatakata kona moja kwa vijistari vibaya. Kisha akaweka nukta moja katikati ya mkeka.

"Hicho kidonge. Kimoja," akasema.

Nilipomwonyesha dokta, aliigeuza karatasi kulia na kushoto. "Mlango?" Nikamwambia mkeka. Akasema yeye amesoma na bado hauoni. Nikamjibu kwamba haikuchorwa kwa ajili yake. Kila mgonjwa niliyempa dawa ya siku nyingi nilianza kumuuliza picha yake. Walivyochora havikufanana: kuna aliyechora kuku, kuna aliyechora kandili, na mkata boriti mmoja alichora shoka lililoegeshwa ukutani. Kalamu zangu za rangi nilikuja kuwapa watoto wa madrasa.

Yule dada alitimiza miezi mitatu bila kuanguka. Dokta akatoa ruhusa. Siku ya kuja kuchukua dawa, maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na ngazi ya zahanati, nami nikatoka nje nikawaona wanaingia mlango wa mkondo. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma anapiga kasia. Mumewe alikaa mbele, lakini aliipa njia mgongo. Alikuwa amemgeukia mkewe, anamtazama bila kupepesa. Kiunoni mwa mke palikuwa na kamba, na ncha yake ya pili ilizungushwa kwenye kifundo cha mkono wa mume.

Walipofika, mume alimfungua mkewe kiunoni, akaichukua ile ile kamba akaufunga mtumbwi kwenye mkoko, kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Mke akapanda ngazi akicheka. "Nimefuata mkeka wangu, nesi." Nikampa bahasha. Mume alinivuta pembeni.

"Nesi, waniahidi kwamba haanguki tena?"

Nilitaka sana kusema naam. Nilitaka kumpa jibu lenye rangi na nyota. Nikasema, "Siahidi, shemeji. Akimeza kila anapotandika, uwezekano wa kuanguka ni mdogo. Ila upo."

Akaenda akaifungua kamba kwenye mkoko, huku mkewe ameshaingia nyuma ya mtumbwi. Mke, bila kuambiwa, akainua mikono kidogo ili afungwe kiuno. Mume alisimama na ile kamba mkononi kwa muda. Kisha akaikunja, akaiweka chini kwenye maji machache yaliyomo chomboni, akaingia, akakaa akitazama mbele.

Mke alibaki ameinua mikono, hajui aishushe au vipi, mpaka mumewe alipomwambia bila kugeuka, "Haya, piga kasia."