Mume wa Mi-ryeong

Mwanangu Gi-tae hutengeneza mitambo ya kupasha joto sakafu za nyumba hapa Cheongju. Ana miaka thelathini na minane na nywele zimeshakuwa nyeupe. Watu wakiniuliza, mimi huwaambia ni baridi ya kazini. Si baridi. Mkewe, Mi-ryeong, ana ugonjwa wa haiba ambao daktari aliutaja kwa jina refu. Nilichoelewa mimi ni kwamba binti huyo anaogopa kuachwa kuliko anavyoogopa kufa, na mara mbili amejaribu kufa kwa sababu alidhani anaachwa.

Mara ya kwanza Gi-tae alichelewa kurudi kwa muda wa saa moja tu, simu imeisha chaji. Tangu hapo ana taratibu zake. Kila asubuhi humwambia mkewe atarudi saa ngapi. Dawa amezifungia kwenye sanduku la spana ndani ya gari. Nimemsikia Mi-ryeong asubuhi akimwambia hakuna mwanamume kama yeye duniani, na mchana akimwambia kwamba hata kumtazama kunamtapisha. Mwanangu hujibu vile vile mara zote mbili, polepole, kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa mpaka juu.

Sitaficha, mimi nilitaka amwache. Nilimwambia hivyo jikoni kwangu.

"Mama, hayo usiyaseme tena," alinijibu. "Akiyasikia, nitamzika."

Novemba ukafika wakati wa kutengeneza kimchi, kabichi za chumvi na pilipili zinazochachushwa ziliwe majira yote ya baridi. Kazi hiyo hufanywa na ukoo mzima, na wake za watoto wetu ndio huumia migongo. Mtaani kwetu kila mtu anajua kwamba zawadi kubwa ya mama mkwe ni kumwambia mke wa mwanawe: mwaka huu usije, tutakuletea. Wengine hushangilia. Mi-ryeong alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke hospitalini, nikampigia.

"Mwanangu, Jumamosi pumzika. Gi-tae aje peke yake, sisi tutamaliza."

Alijibu kwa sauti tulivu. "Sawa, Mama. Asante, Mama."

Nilikata simu nikijiona mama mkwe mwema.

Jumamosi kabichi zilikuwa zimeshalala kwenye chumvi. Gi-tae alikaa katikati yetu, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, akipaka pilipili jani baada ya jani. Wifi yangu Ok-bun ana mdomo.

"Malkia wako hajambo?"

"Amepumzika, Shangazi."

"Sisi tulikuwa tunazaa asubuhi, jioni tuko kwenye kabichi."

"Na mtoto mlimtia chumvi pia?"

Ok-bun alicheka mpaka akakohoa, akamtia Gi-tae jani mdomoni. Miezi mingi sikuwa nimemwona mwanangu akicheka, nikafurahi hata sikuwaza kitu kingine. Koti lake nilikuwa nimelivua mwenyewe na kulitundika chumba cha pili, lisirukiwe na pilipili. Simu ilikuwa humo.

Gi-tae alipoikumbuka, Mi-ryeong alikuwa amepiga mara thelathini na moja. Alitusomea ujumbe wa mkewe kwa sauti kavu: "Mama yako amenifuta kwenye familia. Baki nao."

"Mama, ulimwambia nini?"

Nikamweleza.

"Mimi aliniambia amechoka, hataki kuja. Ungeniuliza kwanza, Mama."

Aliendesha gari hajavua glavu, usukani ukawa mwekundu. Nilikaa kando yake nikiomba kimoyomoyo. Kwao ni ghorofa ya kumi na moja. Alibonyeza namba za siri za kufuli la mlango mara tatu, zikakataa. Mi-ryeong alikuwa amezibadilisha. Nilianza kugonga nikiita, Gi-tae akanishika mkono. Akaketi sakafuni kwenye ujia, mgongo mlangoni.

"Mi-ryeong, ni mimi. Sikushika simu, hilo ni kosa langu. Najua umeumia. Siondoki hapa. Dakika tano zikipita hujafungua, naita gari la dharura, kama tulivyokubaliana."

"Waite," sauti ilitoka ndani. "Na mama yako aje atazame."

"Yupo hapa."

"Basi afurahi."

Gi-tae alikuwa akitazama saa, jasho likimtiririka. Dakika tano zilipotimia alipiga simu. Alipokuwa akitaja jengo, mlango ulifunguka. Mi-ryeong alikuwa amefunga mkono kwa taulo, na taulo lilikuwa limelowa damu. Alimpiga Gi-tae kifuani kwa mkono usio na jeraha.

"Umeniitia watu. Msaliti mkubwa."

Gi-tae hakumshika wala hakurudi nyuma. Watu wa gari walipofika, mkono ule ule uliokuwa ukimpiga uling'ang'ania shati lake. "Usiniache."

"Napanda na wewe."

Jeraha halikuwa la kina, walisema. Hospitalini nilimkuta mwanangu kwenye sinki akinawa pilipili.

"Gi-tae, inatosha," nilimwambia.

"Nimechoka, Mama, sikudanganyi. Kuna mahali Jumamosi mchana waume na wake za wagonjwa kama Mi-ryeong hukutana kusaidiana, saa nane mpaka saa kumi. Sijawahi kwenda kwa sababu hana wa kukaa naye. Ukae naye wewe."

Angeniomba figo ningempa haraka zaidi.

Januari nikaanza kwenda kwao. Siku ya kwanza Mi-ryeong alikaa sakafuni amekumbatia magoti, simu kiganjani, hanitazami. Niliwasha runinga, nikaizima.

"Mama, unanichukia," alisema mwishowe.

Gi-tae alikuwa amenionya nisimdanganye, kwani uongo huunusa.

"Nakuogopa," nilisema.

Aliinua macho kunitazama. "Hata mimi najiogopa."

Saa kumi Gi-tae alipiga simu. Njia ilikuwa imefungwa, angechelewa robo saa. Mi-ryeong alisikiliza, akajibu sawa, kwa sauti ile ile aliyonijibia nilipompigia kuhusu kabichi. Kisha aliinuka akaenda dirishani, akalifungua, baridi ya ghorofa ya kumi na moja ikaingia.

"Nataka kuliona gari lake likifika," alisema.

"Tulitazame wote," nilimwambia. Nikasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumshika.