Nyoka wa Bi Verlene Hataki Kula

Nimefuga nyoka wa mahindi, wale wekundu wasio na sumu wanaopenda maghala, kwa miaka ishirini na miwili kwenye banda nyuma ya nyumba yangu, na wateja wasumbufu nimewaona wa kila aina, lakini Bi Verlene Stubbs alinitoa jasho. Alimchukua nyoka wake Jumanne: kitoto chekundu cha wiki sita, chembamba kama penseli. Jumatano saa moja asubuhi simu ikalia.

"Garland, nyoka wako amekufa."

"Amekufaje, Bi Verlene?"

"Simwoni."

"Umeangalia chini ya lile gome nililokuwekea?"

Nikasikia kifuniko kikifunguliwa. "Yumo. Amejikunja tu, hana habari na mtu."

"Basi yu hai. Amejificha. Huyo ni mchanga, kila kinachopita juu yake anajua kimekuja kumla. Mwache."

"Mbona anatikisa mkia? Umeniuzia nyoka wa sumu?"

"Anatikisa kwa sababu umemwezulia paa la nyumba yake. Hana sumu yoyote. Anakutisha tu, na kama ningekuwa yeye, ningekutisha pia."

"Usinijibu hivyo, mtoto we. Nimekulisha."

Hilo lilikuwa kweli. Bi Verlene alipika katika shule ya msingi ya mji wetu hapa Suwannee kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wazima wote unaowaona mtaani wamepita mikononi mwake. Hakuwa mpishi wa kubaki jikoni. Alizunguka meza kwa meza, akasimama mbele yako mikono kiunoni, akakutazama mpaka umalize. Mimi bamia siipendi mpaka leo na sijawahi kuthubutu kumwambia. Nyumbani kwake ilikuwa vilevile: ukiwekewa sahani, naye anavuta kiti, anakaa nawe mpaka tonge la mwisho. Kumwacha mtu mezani peke yake, kwake yeye, ilikuwa sawa na kumfukuza.

Alhamisi akapiga tena: nyoka amemrukia kidole. Ijumaa: nyoka ameachia uvundo mikononi mwa mumewe, Mzee Hoyt. Kila mara nilimjibu yaleyale, na kila mara sauti yangu ilipanda kidogo. Usimshike. Usimfunulie. Mpe siku saba za amani, kisha umwekee kitoto cha panya cha kwenye friza, kikishayeyuka na kupata uvuguvugu, uondoke. "Sawa, Garland," alisema, na nilijua kabisa kwamba si sawa.

Kilichonifanya nisizime simu ni huyo Mzee Hoyt. Alipata kiharusi mwezi wa pili. Alikuwa mkulima wa karanga, mtu wa kubeba gunia begani huku akipiga soga, na sasa mkono wake wa kulia ulilala mapajani, maneno yakimtoka moja moja, na shati likamning'inia. Chakula alikuwa anakula vijiko vitatu, kisha anageuza uso ukutani. Daktari alikuwa amesema wazi: uzito ukizidi kushuka, atawekewa mpira wa kulishia tumboni. Katika miezi minne yote hiyo Hoyt aliomba kitu kimoja tu, nyoka wa mahindi, kama wale aliokuwa akiwaokota utotoni kwenye ghala la baba yake na kutembea nao mfukoni. Bi Verlene, anayekimbia hata nyungunyungu wa bustanini, alikuja bandani kwangu siku hiyohiyo.

Alikuwa na mpango wake. Hoyt akimwona nyoka anakula kwa hamu, naye hamu itamjia. Kwa hiyo kile kisanduku cha kioo alikiweka wapi? Juu ya meza ya chakula, kati ya chumvi na pilipili!

Mlo wa kwanza wa nyoka aliualikia watu. Alikuwepo wifi yake, alikuwepo mchungaji na mkewe, wote wameinamia kioo. Kitoto cha panya kiliwekwa kwenye kisosi chenye maua. Nyoka akawapa mgongo. Wiki iliyofuata akajaribu tena, safari hii akikisukuma kile kinyama kwa kibanio mpaka puani, huku akimbembeleza, "Kidogo tu, kipenzi, onja tu." Nyoka akabamiza kichwa kwenye kioo akitafuta pa kutokea. Mara ya tatu yakawa yaleyale. Nyoka mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula na asidhurike, lakini mchanga hana akiba hiyo. Nilipopata habari za majaribio hayo niliwasha gari kwa hasira.

Nilifika saa saba mchana. Mzee Hoyt alikuwa mezani na sahani yake: kuku, kunde, bamia, mkate wa mahindi. Hakuwa amegusa kitu. Bi Verlene alikaa mkabala naye, leso mkononi.

"Nimekuja kumchukua," nikasema.

Aliinuka akanivuta mpaka mlango wa jikoni. "Humchukui," alininong'oneza. "Jumatatu tunaenda kwa daktari. Akipungua ratili mbili tu, wanamwekea mpira. Hatakula tena mezani kwangu, Garland. Umenielewa? Na huyo nyoka ndiye kitu pekee anachokiangalia."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikachukua kopo dogo la plastiki lenye matundu nililokuja nalo, nikamtia nyoka ndani pamoja na kitoto cha panya ambacho Bi Verlene alikuwa amekwisha kukiyeyusha, nikafunga kifuniko, nikalifunika taulo na kuliweka rafuni.

"Sasa tunatoka nje."

"Tunatoka vipi, na Hoyt ana chakula mbele yake?"

"Chakula hakina miguu."

"Mimi simwachi mtu mezani peke yake. Sikulelewa hivyo, na mama yako hakukulea hivyo."

"Bi Verlene! Nyoka hali akitazamwa. Hajakataa chakula chako. Anaogopa macho yako. Ukibaki humu utachungulia, nakujua. Toka!"

Sijawahi kusema naye namna hiyo. Alinitazama kama nimemwaga sufuria zima, kisha akatoka. Tulikaa barazani karibu saa nzima, na mara tatu aliinuka, na mara tatu nikauzuia mlango kwa mguu. Alizungusha leso vidoleni mpaka ikawa kamba.

Tuliporudi nikafunua taulo. Panya hakuwepo, na katikati ya nyoka palikuwa na uvimbe mzuri, mnono. Bi Verlene akapiga makofi, akageuka kumwonyesha mumewe, na makofi yakakatika.

Sahani ya Hoyt ilikuwa tupu. Kuku alikuwa amebaki mifupa. Mchuzi ulikuwa umemchuruzika kuanzia kidevuni hadi kwenye mkanda, kunde zilikuwa shatini, kunde zilikuwa sakafuni, na bamia moja ilikuwa imenata kwenye kola. Alikuwa ameinamisha macho.

"Nani kala?" Bi Verlene aliuliza.

"Mimi."

"Miezi minne, Hoyt! Miezi minne nalia jikoni! Nimekupikia kila kitu ninachokijua!"

Alikusanya maneno taratibu. "Mdomo... unavuja. Wewe unaangalia. Unanifuta. Kila kijiko."

"Si ungesema!"

"Ungekaa tu."

Angekaa, kweli. Hoyt alijua, mimi nilijua, na nadhani hata Bi Verlene mwenyewe alijua. Alimwendea na leso yake. Mkono ulifika karibu kabisa na kidevu, ukasimama hapo. Kisha akaiweka leso mezani, upande wa kushoto, karibu na mkono mzima wa Hoyt. Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pili, akaitua, akanishika kiwiko na kunitoa nje.

Tukakaa palepale barazani. Ndani kijiko kikaanguka sakafuni, na Hoyt akatukana. Bi Verlene aliruka kutoka kitini, akafika mlangoni, akashika kitasa. Safari hii sikumzuia. Alisimama pale, kichwa ameegemeza kwenye ubao wa mlango, mpaka tukasikia sahani ikikwanguliwa tena, nadhani kwa kipande cha mkate.

Akarudi, akakaa, akajifunika uso kwa aproni.

"Alikuwa na njaa, Garland," akasema. "Siku zote hizo alikuwa na njaa."