Uriza Inakura Nini

Mwanangu, ile siku niliyoingia kwa wakwe zangu Chekalini kwa miguu, nikiswaga ng'ombe wawili huku viatu vipya nimevishika mkononi, naikumbuka mpaka leo. Umenionyesha kwenye simu yako picha za pikapu mbili, moja ya injini ndogo, nyingine ya injini kubwa, ukaniuliza uchukue ipi. Basi vuta kiti. Jibu langu lina ng'ombe ndani.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani Kabras baada ya miaka mitatu ya kazi Mombasa. Nilirudi na akiba ya kununulia pikapu moja, na kiburi cha kujaza pikapu kumi. Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kweli, na kila aliyechanganya l na r nilimcheka, hata kama alinizidi umri mara mbili. Usinitazame hivyo, nawe una yako.

Mjomba wangu Makokha, ndugu ya mama, alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Ndiye aliyenisindikiza Kakamega mjini kuchagua gari. Kwa muuzaji zilikuwepo mbili za kunifaa, kama hizo zako. Niliomba ile kubwa iwashwe. Iliponguruma, moyo wangu ukanguruma nayo.

Mjomba akaniuliza nitabeba nini. Nikamwambia maziwa, na viazi vitamu vya mama siku ya soko.

"Basi usiurize inanguruma namna gani," akasema. "Uriza inakura nini."

"Kwani gari hupiga kura, Mjomba?" nikamjibu.

Muuzaji akacheka, nami nikacheka. Mjomba hakucheka. Alipiga tairi teke dogo, nami nikanunua ile kubwa.

Haukupita mwezi, siku ya kupeleka mahari ikafika. Baba yake Nanjala, huyo mama yako unayemsikia akiimba jikoni, alikuwa mtu wa msimamo. Alituma neno: ikifika saa nane ng'ombe hawajaonekana, tugeuze nao, maana binti yake si wa kungojewa kama mvua. Nami nilimpenda Nanjala mpaka usingizi ulikuwa unanikimbia.

Tukapakia mtamba na fahali. Mjomba akapanda nyuma kuwashika kamba. Mafuta niliyotia yangetosha gari la kiasi kwenda na kurudi. Lakini pale Malava niliona vijana wenzangu wamesimama kando ya barabara, nikakanyaga mafuta ili wasikie. Baada ya hapo kila mlima niliupanda kwa sifa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tulipokuwa tumebakisha mwendo wa saa nzima kwa miguu, injini ilikohoa mara mbili ikazima. Tangi lilikuwa kavu, na kituo cha mafuta tulikuwa tumekiacha mbali nyuma.

Nikaketi kwenye nyasi. Nakwambia ukweli, machozi yalinitoka.

Mjomba aliteremka polepole. "Ng'ombe ziko na miguu," akasema. "Simama."

Tulisukuma lile gari kinyumenyume hadi kwenye tuta, tukateremsha ng'ombe, tukashika njia. Nilivua viatu kwa sababu vilikuwa vinanibana. Ni njiani hapo, nikiwa nimekanyaga samadi, ndipo nilipoelewa ile "inakura" ya Mjomba. Sikuwahi kusikia Kiswahili kilichonyooka kuliko kile.

Tulifika saa nane imeshapita. Mzee alikuwa amesimama langoni, saa yake mkononi, uso umekunjwa. Mjomba akavua kofia.

"Mzee, wewe ulitaka ng'ombe ama ulitaka gari? Hizi zimetembea mpaka kwako. Angalia kama kuna moja inachechemea."

Mzee akawazunguka ng'ombe, akawatazama kwato, kisha akanitazama mimi miguu. Akaanza kucheka. Tukakaribishwa ndani, ugali wetu wa obusuma na kuku wetu wa ingokho vikaletwa. Firigisi ya yule kuku, ambayo huku kwetu ni heshima ya mwanamume mkubwa, mzee aliichukua kwa mkono wake akampa Mjomba. Mjomba akamsimulia yote tangu kwa muuzaji, kisha mzee akanigeukia.

"Na hiyo gari yako, kijana, inakura nini?"

Nyumba nzima ilicheka. Mimi sikuuliza habari za kura.

Niliiuza ile pikapu, nikachukua ndogo, na ndiyo iliyobeba maziwa yaliyokusomesha chuo cha Sigalagala.

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, mwanangu. Sikukatazi injini kubwa. Ukipata kazi ya kubeba mawe au miwa mlimani, ichukue bila haya, kwa sababu ndogo ikilemewa kila siku nayo hufa mapema. Lakini wewe umeniambia utabeba kuku na mboga kupeleka sokoni. Pima mzigo wako kwanza, ndipo upime injini. Na anayekuonya akikosea herufi, wewe sikia neno. Mimi nilisikia herufi, nikatembea.

Mungu akupe mzigo unaokutosha na gari linaloujua. Na siku likizima, kwa maana yote huzima, akukute una mtu wa kusukuma nawe, hata kama ulimcheka.

Sasa lete hiyo simu. Hii ndogo inakura nini?