Mnunuzi Wangu wa Mabogini

Kuna mama mmoja wa Mabogini anayenunua CD zangu kuliko mtu yeyote Moshi nzima.

Hapo ndipo nikaingiwa na wasiwasi. Mimi ni msanii wa andagraundi, hata redioni sipigwi. Anazipeleka wapi? Nikajua tu: anatoa kopi, anakula kwa mgongo wangu.

Leo nimemfuata mpaka shambani.

Jamani!

CD zangu zimening'inizwa kwa kamba juu ya mpunga, zinametameta juani. Ndege hawasogei.

"Shikamoo mama. Hata moja hujaisikiliza?"

"Marahaba. Moja niliisikiliza, mwanangu. Ndipo nikajua ndege watakimbia."

Sasa siwaamini tena nyie wote mlionunua. Wewe uliyeniambia "kaza kaka, albamu kali", yako iko wapi? Weka picha hapa.