Feni Iliyolia Ofisini na Kunyamaza Nyumbani

Siku ya kwanza karakanani Changamwe, msimamizi alinipa bisibisi. "Ncha kwenye mota, mpini sikioni. Haya, yasemaje?"

"Yakwaruza."

"Basi bushi imekauka." Bushi ni kipete ambamo mhimili wa feni huzunguka. Shule niliacha darasa la nne. Hilo likawa la tano.

Miaka ya themanini yote nilitengeneza mota za pampu na mapangaboi. Ya tisini akaja meneja mpya, mtu wa Bofu, akatangaza: asiye na cheti atoke benchini, akapakie mizigo. Orodha ya wa kutoka alikuwa akiichapa mwenyewe kwenye kompyuta ya kukunja, hiyo mnayoiita laptopu. Nayo ikaanza kunguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Fundi wa kompyuta kutoka mjini kisiwani akaifungua, akaifunga, akasema feni iagizwe ng'ambo.

Nikabisha hodi ofisini kwake na bisibisi yangu. Benchi sikuwa tayari kuliacha.

"Mzee, hili si pangaboi," meneja akacheka.

"Feni ni feni, bwana. Nyumbani nako yalia?"

"La. Bofu yanyamaza kabisa. Ikifika hapa tu, makelele. Labda yaichukia kazi."

"Uliitia mafuta?"

Akatazama chini. "Ilikuwa yakwaruza. Nikatia tone la mafuta ya nazi."

"Ya nazi! Kwani feni ina nywele?"

Ofisi ile ilikuwa na kiyoyozi, na mafuta ya nazi yakipigwa baridi huganda. Joto la Bofu likiyayeyusha, feni yapumua. Nikaitoa, nikabandua kikaratasi cha katikati, nikaosha bushi kwa spiriti, nikasugua vumbi kwa mswaki. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. La pili hukusanya vumbi.

Ikawashwa. Kimya.

"Sasa chapa orodha yako, bwana. Haitakusumbua."

Akaifungua orodha. "Jina lako kamili nani, mzee?"

"La kuandikwa au la kufutwa?"

Orodha ilipobandikwa, sikuwamo. Wenzangu wawili walikuwamo. Nikarudi mlangoni na bisibisi ileile. "Hawa nao wana masikio," nikamwambia, na sikuondoka mpaka akaifungua tena ile kompyuta, akawafuta.

Nilistaafu nikiwa msimamizi. Siku ya kuagwa, meneja akanikabidhi karatasi yenye muhuri: cheti, hatimaye. Nilikipokea kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe. Wa kulia ulikuwa na bisibisi.